Maswali ya Wasomaji: Injini ya 1800 Ndani ya Corolla ya 1500

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A na giaboksi ya mkono. Makao yangu ni Nakuru, na mara kwa mara husafirisha mayai hadi Kericho. Gari likiwa limejaa, mlima wa kutoka Salgaa kupitia Sachangwan kuelekea Mau Summit hunilazimu kurudi gia ya pili huku malori yakinipita. Fundi wangu ananishauri niweke injini ya 7A ya 1800, ambayo anasema hukaa palepale bila kukata wala kuchomelea chuma. Je, ni kweli, na je, gharama hiyo ina faida? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu chuma fundi wako amesema kweli. Injini za 4A, 5A na 7A ni za ukoo mmoja wa Toyota, matundu ya boliti zinazoshika giaboksi yamepangwa kwa namna moja, na maunti (vishikizo vya injini) za gari lako zitaipokea 7A. Silinda ya 5A ina kipenyo cha milimita 78.7 na pistoni yake husafiri milimita 77, ilhali 7A ina milimita 81 kwa 85.5, ndiyo sababu ya kwanza ina sentimita za ujazo 1,498 na ya pili 1,762. Kwa kuwa pistoni ya 7A husafiri mbali zaidi, bloku yake imerefuka kwenda juu, na kwa hiyo mkanda wa tamingi (unaoendesha vali zifuate mwendo wa pistoni) wa 5A hauifai. Nunua mkanda mpya wa 7A, nao ufungwe pamoja na pampu ya maji na sili za mafuta injini ikiwa bado iko chini, kwa maana kuzifikia sehemu hizo baada ya injini kuingia garini ni taabu tupu.

Kabla hujatoa pesa, hata hivyo, ni vyema ujue ni nguvu kiasi gani utakayopata. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 17 hivi, nayo injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza nguvu kwa kadiri ya wepesi huo. Sasa tazama hesabu ya injini zenyewe: kutoka 1,498 hadi 1,762 ni nyongeza ya asilimia 17.6. Maana yake ni kwamba 7A ikiwa Nakuru itavuta karibu sawa na 5A nzima ikiwa Mombasa, na kadiri unavyokaribia Mau Summit, ambako ni juu zaidi, ndivyo sehemu ya faida hiyo inavyozidi kumezwa na mlima. Tofauti utaisikia, hasa kwenye gia ya tatu, lakini malori yaliyo matupu bado yanaweza kukupita.

Kwa sababu hiyo nakusihi uanze kwa kuipima injini uliyo nayo. Gari la mwaka 1998 linaloshindwa na mlima huo mara nyingi lina injini iliyochoka: pistoni ringi zimelika, vali hazikai vizuri, kichujio cha petroli kimeziba, au klachi inateleza bila dereva kutambua. Mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa moto, plagi zote zikiwa zimetolewa na kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa hadi chini. Jambo moja husahauliwa na mafundi wengi wa nyanda za juu: geji itasoma chini ya namba za kitabu hata kama injini ni nzima, kwa sababu hewa inayoingia ni pungufu tangu mwanzo. Kwa hiyo linganisheni kwanza silinda kwa silinda. Zote nne zikikaribiana, usiihukumu injini kwa haraka. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hapo kuna ugonjwa, na huenda kuutibu kukagharimu kidogo kuliko kununua 7A ambayo hujui ilitumiwa vipi huko ilikotoka.

Ikiwa baada ya kupima bado unaitaka 7A, basi usinunue injini peke yake. Nunua seti nzima iliyotoka katika gari moja: injini, kompyuta yake, waya zake zote pamoja na soketi ambazo hazijakatwa, vihisio, flaiwili (gurudumu zito linaloshikana na klachi) na klachi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi za namna hii huharibikia. 7A nyingi zinazouzwa nchini zilitoka katika Carina na Premio za Japani za mwisho wa miaka ya 1990, na nyingi kati ya hizo ziliundwa kuchoma mchanganyiko wenye petroli kidogo ili kubana matumizi. Injini ya aina hiyo ina vihisio na mpangilio wake wa waya, na ukiiunganisha na kompyuta ya 5A itanguruma vizuri gereji, kisha ikukosee adabu barabarani: itakata nguvu mlimani, itakunywa petroli, na taa ya injini haitazimika. Afadhali umlipe fundi wa umeme mwenye subira siku nzima ya kusoma michoro kuliko kumlipa wa haraka mara tatu.

Rejeta isafishwe au ibadilishwe. Breki nazo zinastahili fikira zaidi, kwa maana mlima unaoupanda ndio huohuo utakaoushuka ukirudi, na sisi wa ukanda huu tunajua ajali zilizowapata watu wengi kati ya Sachangwan na Salgaa. Nishati ambayo breki hulazimika kuimeza huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari linaloshuka kwa kilomita 100 kwa saa linabeba zaidi ya mara moja na nusu ya nishati ya gari lilelile likiwa na kilomita 80. Usikubali gari litoke gereji na injini mpya likiwa na diski zilizolika, paipu za mpira zilizopasuka na maji ya breki meusi.

SWALI: Nina Corolla ya zamani ya 1300 yenye karebeta na injini ya 2E. Je, naweza kuiweka 4A? – Msomaji, Kondele, Kisumu.

JIBU: 2E si ya ukoo wa A. Giaboksi yako haitakubaliana na 4A, maunti ni nyingine, na kwa kuwa 4A nyingi za sasa hutumia sindano za mafuta, utahitaji pampu ya umeme yenye msukumo mkubwa, paipu ya kurudisha petroli kwenye tangi, na waya zote upya. Inawezekana, lakini siishauri. Tengeneza 2E uliyo nayo, au uza gari hilo ununue linalokuja na 4A kutoka kiwandani.

SWALI: Nataka kununua gari ambalo mwenyewe ananiambia lilibadilishwa injini, lakini namba iliyo kwenye bloku hailingani na ya logibuku (hati ya usajili wa gari). Anasema nitarekebisha mwenyewe baadaye. – Msomaji, Kakamega.

JIBU: Usikubali. Badiliko la injini ni la kuarifiwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, na mwenye gari ambaye jina lake liko kwenye logibuku, na maombi hayo siku hizi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, yakiambatana na risiti ya injini, karatasi za kuthibitisha ilikotoka, na ukaguzi wa gari lenyewe. Anayejua injini ilinunuliwa wapi ni yeye, si wewe. Ikija kubainika kwamba ilitoka katika gari la wizi, wa kwanza kuulizwa ni yule anayelimiliki siku hiyo. Bima nayo inaweza kukataa kulipa endapo gari ulilolieleza kwao silo lililogongwa. Mwambie muuzaji akamilishe usajili kwanza, nawe uisome namba ya bloku kwa macho yako, ukiwa na logibuku mpya mkononi, kabla ya kulipa hata shilingi moja.