Muulize Fundi: Shokapu za kitufe kwenye gari ya zamani

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004, mwaka wa sita sasa niko nayo na injini haijawahi kunisumbua. Ishu ni shokapu. Aliyeniuzia alikuwa ameshafunga koilova (springi na shokapu zikiwa kitu kimoja) za kurekebisha kwa mkono, kliki 16 za kulegeza na kukaza, springi kilo 8 mbele kilo 6 nyuma, yaani kilo kwa kila milimita inayojikunja. Kwenye kona gari inashika balaa, lakini barabara ikichakaa kidogo tu tunarushwa mpaka meno yanagongana, mke wangu siku hizi akiona nimeshika funguo za hiyo gari anasema nitangulie yeye atakuja na usafiri wake. Nikizilegeza zote naona kama ndo inazidi kuwa mbaya, hata sielewi. Sasa nimeona magari mapya unabonyeza kitufe tu shokapu zinalainika au zinakaza. Fundi wangu anasema tutafute shokapu za umeme kutoka gari iliyogongwa, achomelee braketi zikae, avute waya mpaka kwenye swichi ndani, kazi imeisha. Nimetaka kukubali ila moyo unasita. Unaonaje? Mzee wa Kona.

JIBU: Mzee wa Kona, moyo umesita mahali pake. Tuanze na hiyo swichi. Ndani ya shokapu nyingi za umeme za kisasa kuna vali ndogo inayosukumwa na koili ya waya, ukiongeza umeme njia ya oili inabanwa au inafunguka kutegemea ilivyotengenezwa. Kontroli boksi ya gari haiipi ile koili volti 12 moja kwa moja, inaukatakata umeme mara nyingi sana kwa sekunde ili ipite ampea fulani tu. Chukua mfano koili ina omu 3 na imetengenezwa kula chini ya ampea 2. Fundi wako akiipa volti 12 za betri kupitia swichi, 12 gawa kwa 3 ni ampea 4, zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na iko ndani ya shokapu ambayo yenyewe inachemka kwa kazi yake. Harufu utaisikia kabla hujaimaliza hiyo safari.

Halafu kuchomelea. Strati ya mbele ya gari yako si shokapu tu, ndiyo inayoshikilia gurudumu lisimame, nguvu ya breki na ya kona zote zinapita humo. Mtu akichomelea braketi kwenye bomba lenye oili na sili za mpira ndani, mimi hiyo gari sipandi, hata siti ya mbele nikipewa bure. Na shokapu ya gari nyingine ilipangwa kwa uzito wa gari nyingine na springi za gari nyingine, kwa hiyo hata ikikaa vizuri kwa macho haitakaa vizuri barabarani.

Sasa hilo la kulegeza halafu inazidi kuwa mbaya, hapo ndipo penye ugonjwa wako na ndipo watu wengi wanakosea. Springi inabeba gari, shokapu inazuia springi isicheze ngoma. Ukigonga tuta springi inajikunja, inakusanya nguvu, halafu inataka kuirudisha yote kwa mpigo, shokapu inapitisha oili kwenye vitundu vidogo na kuigeuza ile nguvu kuwa joto. Springi zako za mbele ni karibu mara mbili ya zile za kiwandani. Hesabu yake ni ya mzizi wa mraba, springi ikiwa ngumu mara mbili shokapu nayo inatakiwa iwe na nguvu kama mara 1.4 ili gari itulie vilevile kama mwanzo. Wewe unafanya kinyume, umeacha springi ya kilo 8 halafu unalegeza shokapu, kwa hiyo kwenye tuta springi bado ni ngumu ileile na baada ya tuta hakuna wa kuishika, gari inadunda kama mpira wa kikapu. Ukizikaza zote nazo hazikupi nafasi, kila kokoto linakuja kiunoni. Kitufe cha umeme kitakupa safari hiyohiyo kati ya ubaya wa kwanza na ubaya wa pili, ila sasa bila kushuka kwenye gari.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote fanya hivi. Chukua zip tai (ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya), ifunge kwenye fimbo ya shokapu, isukume mpaka igusane na sili, endesha njia yako ya kila siku kisha angalia imesukumwa umbali gani. Ikiwa imepanda mpaka inagusa kile kimpira cha kuzuia cha juu basi shokapu zinagonga mwisho, gari imeshushwa sana, na hayo meno yanagongana kwa sababu hiyo wala siyo kwa sababu ya kliki. (Kwenye strati zilizopinduliwa, na STI za namna yako kiwandani zilikuja nazo hivyo, fimbo iko ndani huioni, hapo itabidi ukiangalie kile kimpira ukiwa umefungua.) Angalia pia bushi za mikono ya chini, boljointi na maunti za juu (pale strati inaposhikwa na bodi), gari ya 2004 yenye bushi za asili inagonga na kuyumba hata uifunge shokapu za ndege. Nimeshaona mtu amebadili seti mbili za shokapu wakati kelele ilikuwa maunti ya juu imechoka, mkono ukiuweka juu yake mwenzako akigeuza usukani unaisikia inaruka chini ya kiganja.

Mimi ningeshusha springi mpaka kilo 5 au 6 mbele na nyuma ishuke kwa kufuatana nayo, halafu shokapu zifunguliwe na wanaojua kupanga shimu (visahani vyembamba vya ndani vinavyobana oili) zipangwe kwa springi hizo. Ukimaliza hapo huenda mke akarudi kwenye gari na habari ya umeme ukaisahau, na hiyo nayo ni dawa.

Lakini najua hutaisahau. Basi jua kuna makundi mawili na si kitu kimoja kabisa. La kwanza ni la stepa mota, kimota kidogo kinakaa juu ya fimbo ya shokapu na kuzungusha kile kile kirekebishio unachozungusha wewe kwa vidole. EDFC ya Tein ndiyo inayojulikana zaidi. Unakaa ndani unabonyeza, mota zinakwenda tiiii, kliki zimebadilika, na zile za juu zaidi zinasoma spidi na nguvu za kona zinabadilisha zenyewe. La pili ni la vali ya umeme iliyomo ndani au pembeni ya shokapu, kama CES ya Öhlins au za Tractive, hizi zinabadilika ndani ya milisekunde chache.

Tofauti yake iweke barabarani uione. Ukiwa kilomita 100 kwa saa gari inakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Tuta la upana wa nusu mita unalipita kwa milisekunde 18 hivi. Mota ikihitaji robo sekunde kuzunguka umeshalipita na kwenda mita 7 mbele, kwa hiyo mota haishughulikii tuta, inashughulikia barabara. Unachagua laini ya mjini, ngumu ya kona, na zile zenye sensa zinakaza unapofunga breki ili pua isizame. Vali ndiyo inayoweza kuwahi tuta lenyewe, ila inataka sensa zaidi, nyaya zaidi na mtu wa kuipangia programu. Kwa gari yako mimi ningechukua mota. STI ya 2004 ina ABS lakini haina ule mfumo wa kuzuia kuteleza wenye sensa ya pembe ya usukani, maana yake hakuna taarifa nyingi za kuazima kwenye nyaya zake, kila kitu lazima kije na kifaa chenyewe.

Kabla ya kuagiza angalia kirekebishio cha koilova zako kiko wapi. Kikiwa juu kwenye fimbo, vizuri, pima nafasi mpaka kwenye boneti, weka donge la udongo wa kuchezea watoto juu ya fimbo, funga boneti taratibu, fungua, pima unene uliobaki. Kikiwa chini, kama zilivyo nyingi zilizopinduliwa, sahau mota, itaishi kwenye maji na mawe.

Nyaya sasa. Umeme uchukue unaowaka na funguo, kupitia rilei na fyuzi yake peke yake, usiibe kwenye fyuzi ya redio. Zipitishe mbali na koili za kuwashia injini na mbali na waya wa sensa za ABS. Na uache ulegevu. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga za vali za pembeni, nikabana waya vizuri sambamba na bomba la breki, safi, nikapiga na picha. Gari ikashushwa, nikageuza usukani mpaka mwisho kulia, nikasikia tik, kakitu kadogo tu, na taa ikawaka kwenye dashibodi. Nilikuwa nimebana waya gurudumu likiwa linaning'inia na limenyooka. Tangu siku hiyo nageuza usukani kulia mwisho, kushoto mwisho, gurudumu likining'inia, kisha nanyanyua kwa jeki mpaka springi ijikunje, narudia tena, ndipo nakata zip tai. Ukishafunga peleka alaimenti, strati ikishafunguliwa kamba (camber, yaani mwinamo wa gurudumu) haibaki ilipokuwa.

SWALI: Mkuu, nimepata seti ya MagneRide kutoka kwenye Corvette, BMW yangu ni ya 1995. Naambiwa ndo shokapu bora duniani. Zitafungika? Mtu wa Bimma.

JIBU: Hazifungiki, yaani kufungika zinaweza, kufanya kazi hapana. MagneRide haina vali inayocheza, ina oili yenye chembe ndogo za chuma na koili ya sumaku kwenye pistoni. Umeme ukipita chembe zinajipanga na oili inakuwa nzito, ukikatika inarudi nyepesi. Ilianza kwenye Cadillac Seville STS ya 2002, mwaka uliofuata ikaja Corvette, na inaweza kusahihisha mpaka mara 1,000 kwa sekunde. Lakini hiyo akili yote iko kwenye kontroli boksi inayosoma gurudumu liko juu kiasi gani, usukani uko wapi, spidi ngapi. Bila hiyo boksi na sensa zake umefunga shokapu laini kuliko zote ulizowahi kuwa nazo, na urefu na maunti navyo si vya BMW. Sili ikivuja ile oili gereji ya kawaida haina. Ziuze kwa mwenye Corvette atakushukuru.

SWALI: Shikamoo fundi. Baba aliniachia Toyota Supra ya 1989 yenye TEMS (shokapu za Toyota zinazobadilika kwa umeme), kitufe cha Sport kipo lakini nikibonyeza sioni tofauti yoyote. Kila mtu ananiambia nitoe nifunge za kawaida, mimi natamani ibaki kama alivyoiacha. Binti wa Supra.

JIBU: Marahaba binti yangu. Wala usikimbilie kutoa. TEMS Toyota waliianza kwenye Soarer ya 1983, na kwa namna ilivyo ni babu wa hizi mota ninazomwelezea Mzee wa Kona hapo juu, kimota juu ya shokapu kinazungusha kijiti kilicho ndani ya fimbo.

Washa funguo bila kuwasha injini, pawe kimya, mtu abonyeze kitufe wewe ukiwa umeweka kidole juu ya mota moja moja. Inayofanya kazi utaisikia inatetemeka kidogo. Zote nne zikiwa kimya tafuta fyuzi, kitufe na boksi, ugonjwa uko kwa pamoja. Ikiwa moja tu iko kimya, fungua skrubu zake uitoe, utaona kijiti kimechomoza katikati ya fimbo ya shokapu. Kishike kwa koleo ndogo ya ncha, taratibu sana, kizungushe. Kikizunguka laini shokapu yako nzima na mota au soketi yake ndiyo mbovu, safisha soketi kwanza, kwa umri huo kutu ya kijani humo ni jambo la kawaida. Kikigoma, weka dawa ya kulainisha kutu, usiku mmoja, jaribu tena, usilazimishe, kikivunjika humo ndani hakitoki.

Na kama mota zote zinazunguka, vijiti vyote vinazunguka, ila tofauti bado huioni, basi ni oili imechoka. Bonyeza kona moja ya gari kwa uzito wako wote uachie. Ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia, shokapu hizo zimeisha, hapo tafuta wanaofungua na kujenga upya shokapu za zamani, uwaambie mapema kwamba kile kijiti cha ndani unakihitaji kibaki kinazunguka. Na mota zako usizitupe hata uchukue uamuzi gani, zifunge kwenye kitambaa, ziandike mbele kulia, mbele kushoto, ziweke ndani.