Mpe Onesimo kalamu

Kwa miaka mingi, kila nilipofundisha Waraka kwa Filemoni, nilimwita Onesimo, mtumwa wa Filemoni, mwizi. Alimwibia bwana wake, akatoroka, akakutana na Paulo kifungoni, akaokoka, akarudishwa. Hadithi tamu hiyo, na inamalizikia vizuri zaidi kwa bwana.

Kilichonizindua ni daftari. Waraka wenyewe una aya 25 tu. Ndani yake Paulo anasema, Filemoni anasemeshwa, Onesimo anasemwa. Jioni moja nikajaribu kumwandikia maneno yake mwenyewe, akiwa njiani kurudi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa aibu tupu: nilimfanya ahubiri kama mimi. “Ukombozi,” “mifumo dhalimu,” maneno ya semina. Nikayafuta yote, nikaandika mguu uliochubuliwa na ukanda wa kiatu, na jinsi anavyoipunguza hatua kila mji unapokaribia. Hapo akaanza kusema.

Halafu nikafika pa kuungama. Nikaandika, “Bwana, nilichukua…” kalamu ikasimama. Alichukua nini? Nikarudi kwenye Biblia kutafuta kitu chenyewe, nisikione. Aya ya 18 inaanza na “kama”: kama amekudhulumu, au unamdai kitu, uniandikie mimi deni hilo. Kama! Hata kutoroka hakukutajwa waziwazi; aya ya 15 inasema alitengwa na Filemoni kwa muda. Huenda alitoroka, huenda aliiba. Ila ile hukumu niliyokuwa nikiitoa madhabahuni bila kupepesa macho nilikuwa nimeirithi, sikuisoma.

Kiongozi mmoja alipoona daftari lile aliniambia ninaongeza maneno kwenye Maandiko. Onyo lake nalichukulia kwa uzito, ndiyo maana hadi leo nikisoma kazi hizi mbele za watu natangulia kusema: hii ni hadithi yangu, waraka ni ule pale. Lakini neno “mwizi” nalo liliongezwa na mtu, na halikuhojiwa na yeyote kwa sababu lilivaa suti ya mahubiri. Mtunzi walau anakiri kwamba anatunga.

Wala jambo hili halikuanza na mimi. Charles Colcock Jones, mhubiri Mzungu wa Georgia, Marekani, aliwahubiria watumwa weusi waraka huuhuu. Katika taarifa yake anasimulia kwamba alipolaani utoro kwa mamlaka ya Paulo, nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaenda zao. Kati ya waliobaki, wengine walisema hakuna waraka wa namna hiyo katika Biblia. Wale hawakuhitaji zoezi la uandishi. Walikwisha kujiona katika viatu vya Onesimo.

Ukitaka kujaribu, mtafute mtu anayetajwa na hasemi. Hata kwenye waraka huu yupo Afia, aya ya 2, ametajwa tu. Soma hadi ujue kilichoandikwa na kisichoandikwa. Andika kwa “mimi.” Usikimbilie msamaha. Huo ndio ugonjwa wetu waumini: tunawapatanisha watu kabla aliyeumizwa hajamaliza sentensi. Na pale kalamu inapogoma usilazimishe. Fungua tena Maandiko, uangalie ulichokuwa umekimeza bila kutafuna.

Kisha wasomee watu, hasa wanaoishi karibu na maisha hayo kuliko wewe. Mimi nilisoma maneno niliyomwandikia Onesimo katika kikundi kidogo. Wasomi wa kikundi wakanipongeza kwa lugha. Mama mmoja ambaye ametumika majumbani mwa watu tangu usichana wake alinyamaza mpaka mwisho, ndipo akauliza:

“Usiku ule aliporudi, alilala wapi?”

Sikuwa na jibu. Tukafungua Biblia tena, tukashuka hadi aya ya 22. Paulo anaomba atayarishiwe mahali pa kufikia, yeye Paulo. Tukapanda juu, aya kwa aya, tukitafuta kitanda cha Onesimo. Tulichokipata ni aya ya 17, ambapo Paulo anasema mpokee kama mimi. Yule mama akaweka kidole pale, akasoma mwenyewe kwa sauti, akasema, “Basi chumba hicho ni chake.”