Kabla ya Penseli, Mpe Beseni la Maji

Juzi usiku mama mmoja ameniandikia, na ujumbe wake haujanitoka kichwani. Mwanawe ana miaka 4 na miezi 2. Yuko chekechea, na kila siku anarudi na daftari lililojaa alama nyekundu. Mama ameambiwa kwamba mtoto "yuko nyuma": herufi zinatoka nje ya mstari, penseli anaikamata kwa ngumi. Basi amemnunulia madaftari mengine mawili, na kila jioni wanakaa wote mezani mpaka mtoto aanze kulia. Mwishoni akaniuliza: "Nifanye nini zaidi?"

Hilo neno "zaidi" ndilo lililonichoma. Miaka 9 iliyopita nilikuwa nalisema mimi.

Mwanangu wa kwanza nilitaka ajue kusoma kabla ya wenzake wote. Hajatimiza miaka 3, tayari nimeshambandikia herufi ukutani. Alikuwa anahesabu mpaka 50 bila kuruka hata namba moja, na wageni wakija nilimsimamisha katikati ya sebule ahesabu. Walipiga makofi, nami nilijiona mama hodari. Ndugu zangu waliniita niwafundishe siri yangu. Nilikuwa na jibu la kila swali.

Kisha akaenda chekechea, na baada ya wiki chache nikaitwa. Nilisimama mlangoni, wazazi wengine wako nyuma yangu wanasubiri watoto wao, nikaambiwa kwa sauti ya juu kwamba mwanangu ni mzito, hashiki penseli, na kwamba nyumbani inaonekana hasaidiwi. Hasaidiwi! Mimi niliyekuwa silali kwa ajili yake. Nimesamehe, lakini nikiikumbuka sauti ile bado kifua kinabana.

Tulipofika nyumbani nilimkalisha mezani. Nikashika mkono wake ndani ya mkono wangu, tukaandika A. Tena. Tena. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Nilikuwa nambana vidole mpaka ncha zinabadilika rangi, na sikuona. Wiki ya tatu, nilipofungua daftari, aliingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake akaikalia. Hakulia wala hakubisha. Alikalia mikono yake tu, akaniangalia.

Niliacha herufi, nikahamia kwenye hesabu, maana hesabu tulikuwa tunazijua. Nikamwaga vifungo vya nguo mezani, nikamwambia, "Nipe vitatu." Akachota vingi vilivyojaa kiganja akanikabidhi. Nikarudia: vitatu. Akachota tena. Mtoto anayehesabu mpaka 50 hakujua vitatu ni vingapi. Nikapanga safu mbili za vifungo 6, moja chini ya nyingine, akakubali kwamba ziko sawa. Nikaitanua safu ya chini kidogo, nikamuuliza ipi ina vifungo vingi. Akanionyesha ile ya chini. Nikakasirika. Nikamwambia hafikiri. Hilo nalo silisahau.

Baadaye sana, nikiwa mafunzoni, ndipo nikakutana na Jean Piaget, yule mtafiti wa Uswisi, na lile lile jaribio la safu mbili. Alikuwa amewauliza watoto swali hilo miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na watoto wadogo wakamjibu kama mwanangu alivyonijibu. Wengi hawatambui kwamba idadi haibadiliki kwa kutanuliwa mpaka wafikie miaka 6 au 7. Mwanangu alikuwa anafikiri vizuri kabisa, kwa akili ya miaka 4. Na ile hesabu mpaka 50 ilikuwa wimbo aliouimba vizuri, hakuna zaidi ya hapo.

Kilichotuokoa ni siku ya kufua. Nilikuwa nimechoka, sikutaka hata kuligusa daftari, naye alikuwa amekaa karibu na beseni la maji safi akiwa na kikombe na chupa tupu. Nikamwacha. Mara ya kwanza alimimina maji yakamwagika yote nje, maana mdomo wa chupa ni mwembamba. Akamimina tena, haraka vile vile, yakamwagika. Halafu akapunguza. Akasogeza kikombe mpaka kikagusa mdomo wa chupa, akaushikilia mkono mmoja kwa mwingine usitetemeke, akainamisha polepole. Yakaingia. Alirudia hilo jambo moja kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na mimi mezani. Mwisho akapiga kelele: "Mama, vinne! Vimeingia vinne!" Vikombe vinne ndivyo vilivyojaza chupa. Hakuna aliyemwomba ahesabu. Alikuwa ameikuta ile nne mwenyewe, ndani ya chupa, na siku hiyo namba ikaacha kuwa wimbo.

Nilikaa chini nikalia, nguo zikiwa bado ndani ya povu.

Mafunzo ya ualimu wa watoto wadogo niliyoyafuata sitayasimulia, yana urefu wake. Sasa nina darasa langu la watoto 16 wa miaka 3 hadi 5, na nasema kwa furaha kwamba hakuna anayekalia mikono yake. Nitawaambia ninachofanya nao, kwa sababu nyumbani kinawezekana kesho asubuhi.

Kwanza elewa mkono wenyewe. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa karibu yote bado ni gegedu, ile tishu laini inayopindika kama ya sikio, na inageuka mfupa mmoja baada ya mwingine kwa miaka. Wa mwisho huanza kuwa mfupa kati ya miaka 8 na 12. Huo ndio mkono tunaoudai uchore herufi ndogo ndani ya mistari miwili myembamba. Misuli ya vidole nayo inataka kazi: kukamua, kusokota, kubana, kumimina. Penseli ni ya mwisho kwenye foleni. Ukiiweka mbele, mtoto anaishika kwa ngumi kwa sababu ngumi ndiyo nguvu pekee aliyonayo.

Kwa hiyo anza na maji. Weka beseni moja lenye maji na jingine tupu, mpe sponji, mwambie ayahamishe maji yote. Atachovya, atakamua, atachovya, atakamua. Kukamua sponji kunajenga kiganja kuliko kurasa 10 za herufi, hilo naliona kila wiki. Akishazoea, ondoa sponji mpe kikombe. Akizoea kikombe, mpe jagi dogo na vikombe viwili, ajaze mpaka mstari uliouchora kwa wino. Siku nyingine mpe vitu vya nyumbani ajaribu kipi kinaelea na kipi kinazama: kijiko, kizibo, jani, jiwe, kipande cha mbao. Lakini kabla hajakitia majini, muulize anadhani kitafanyaje. Hilo swali ndilo somo. Na kikizama alichosema kitaelea, usimwambie amekosea, ameshaona. Kwangu mtoto mmoja alisema vitu vizito vinazama na vyepesi vinaelea, akaridhika, mpaka alipotia gogo kubwa la mbao likaelea na kijiwe kidogo kikazama. Aliganda. Siku mbili nzima alikuwa analirudia lile gogo. Sikumweleza kitu, na kunyamaza kule kulinigharimu, maana mwalimu ana ulimi unaowasha.

Pili, vifuniko na vizibo. Kusanya vifuniko vya chupa, mitungi midogo na makopo, tofauti tofauti, vikubwa kwa vidogo. Vifungue vyote, vichanganye, aviunganishe na chupa zake. Anasokota, anajaribu, anaacha, anachukua kingine. Kisha vizibo hivyo hivyo vipangwe. Hapa nataka kusema kitu. Mwezi uliopita binti mmoja wa miaka 4 alikuwa anapanga vizibo kwenye mafungu mawili, nami nikaona amechanganya nyekundu na buluu, vikubwa na vidogo, fujo tupu. Mkono wangu ulishanyooka kumrekebisha. Nikajizuia nikamuuliza, "Mwalimu mwenzangu, haya mafungu ni ya nini?" Akachukua kimoja akakidondosha mezani, kikalia. Akadondosha kingine, hakikulia. Alikuwa amevipanga kwa sauti: vinavyolia huku, visivyolia huku. Vya bati na vya plastiki. Ningemrekebisha, ningemfundisha kwamba mawazo yake hayana thamani. Nafikiri juu ya hilo kila nikikumbuka zile safu za vifungo za mwanangu.

Tatu, unga wa kufinyanga. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, maji kidogo kidogo mpaka ushikane, karibu kikombe kimoja au pungufu. Mwache aukande mwenyewe tangu mwanzo, asipewe uliokwisha tayari. Asiule, chumvi ni nyingi mno. Atatengeneza nyoka, kila mtoto anaanza na nyoka, na nyoka akikunjwa anakuwa herufi bila mtu kulazimishwa.

Vibanio vya nguo, soksi za kutafutiana jozi, karatasi nyembamba za kukatwa kwa mkasi butu wa watoto, mkato mmoja mmoja: haya yote ni mazuri, na hayahitaji maelezo yangu. Mpe tu, umwachie.

Usalama sitauruka. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache, kwa hiyo kwenye beseni usiondoke hata kupokea simu, na mkimaliza limwagwe hapo hapo. Kwa aliye chini ya miaka 3, kitu chochote kinachopita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno, kinaweza kumkaba. Vifungo na vizibo ni vya wakubwa wake. Betri zile bapa kama sarafu zisiwepo kabisa karibu na watoto.

Kuna watakaosema haya ni mchezo, shule ni kitu kingine. Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani, alifungua kituo chake cha watoto wadogo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto, ndiyo chekechea tunayoijua. Vitu vya kwanza alivyotaka mtoto apewe ni mipira laini ya sufu, kisha tufe, mche mraba na mcheduara vya mbao. Maria Montessori alikuwa daktari. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa maskini wa San Lorenzo, Roma, na watoto wake walimimina maji, walifunga vifungo, walipitisha vidole juu ya herufi za karatasi ya msasa kabla ya kuandika. Wengi wakaandika wakiwa na miaka 4 na 5, kwa hiari yao. Kwa hiyo chekechea yenyewe ilizaliwa ikiwa na mikono iliyojaa vitu. Daftari la alama nyekundu ndilo mgeni.

Mama mwenzangu, baba mwenzangu, tunawaharakisha watoto kwa sababu ya macho ya watu. Nasema tunawaharakisha, maana mimi nilikuwa wa kwanza. Tunataka mtoto wa jirani asimpite wetu. Tunamvika viatu kwa sababu anachelewa kufunga, tunamlisha kwa sababu anamwaga, tunamfungulia kifuniko kwa sababu tuna haraka, halafu tunashangaa mkono wake hauna nguvu. Uondoe mkono wako. Akifunga kifungo kimoja kwa dakika 5, hizo dakika 5 ni zake. Kaa, subiri, nyamaza. Akikuomba msaada, saidia kidogo tu, pale alipokwama, kisha rudisha mkono wako mapajani. Usimsifu kwa makofi kila anapogusa kitu. Nilimpigia wangu makofi mengi sana, akajifunza kuimba namba.

Yeye aliandika jina lake akiwa na miaka 5 na nusu, kwa kidole, kwenye unga uliotapakaa juu ya trei. Nilikuwa nimempa mgongo. Akaniita nije nione. Sasa ana miaka 13, mwandiko wake ni mzuri na umenyooka, na nauonea fahari mbele ya yeyote.

Dada yangu uliyeniandikia, leo jioni usilitoe daftari. Wala kesho. Ongea na mwalimu wake kwa upole, mwambie unaomba wiki 3 za kuijenga mikono yake kwanza. Wengi wakiombwa vizuri husikia. Weka beseni mbili sakafuni, sponji moja, na kitambaa pembeni. Kaa kwenye kiti, usiseme kitu. Maji yakimwagika, usiinuke. Mwonyeshe kitambaa kilipo.