Kabla Hujauliza Kama Ni Mkorea au Mjapani

Mwaka 2021 tulikuwa na kundi la WhatsApp la mashabiki wa aespa (wasichana waimbaji wa Korea Kusini), watu thelathini hivi, wengi wa Dar na wachache wa Mombasa. Usiku mmoja mtu akauliza: huyu Giselle wa aespa ni Mkorea au Mjapani? Nikajibu upesi kwamba si Mkorea kamili. Mabishano yakakesha. Kulipokucha wanne walikuwa wameshajitoa, mmojawao dada ambaye baba yake ni Mrundi na mama yake Mnyamwezi. Alinitumia ujumbe pembeni: "Hilo neno kamili nalisikia tangu darasa la kwanza." Nilikaa na simu mkononi, nikakosa la kumjibu.

Tangu hapo nimebadili namna ninavyowasikiliza waimbaji wenye asili ya pande hizo mbili, na nawaomba nanyi mjaribu.

Anzeni na historia, maana bila hiyo hamtaelewa uzito wa jambo lenyewe. Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945. Wakorea wengi walivuka bahari, wengine wakifuata riziki, wengine wakipelekwa kwa nguvu, na vizazi vyao vilivyobaki Japani huitwa Zainichi. Wengi wamezoea kutumia jina la Kijapani wakitoka nje ya nyumba zao. Huku Korea Kusini nako, albamu zilizoimbwa kwa Kijapani hazikuruhusiwa kuuzwa madukani mpaka 2004.

Sasa mrudieni Giselle. Alizaliwa Seoul mwaka 2000, akakulia Tokyo. Mama Mkorea, baba Mjapani. Ukoo wake ni Uchinaga, na jina lake Aeri linatamkika bila taabu kwa lugha zote mbili. Akiwa Japani huzungumza na mashabiki kama mtoto wa pale pale, kisha akirudi Seoul anarapu kwa Kikorea na Kiingereza. Kwangu mimi mvuto wake uko hapo, kwenye ulimi uliolelewa na nyumba mbili. Wanaojadili pua na macho yake wanapitwa na mengi.

Mwingine ni Crystal Kay, mzaliwa wa Yokohama, aliyeanza kutoa nyimbo mwaka 1999 akiwa na miaka 13. Baba yake ni Mmarekani mweusi, mama yake ni Zainichi na mwenyewe ni mwimbaji. Japani watu kama yeye huitwa "hafu", yaani nusu. Wapo wanaolikubali neno hilo, wapo linalowachoma, kama lilivyo kwetu neno chotara. Msimbandike mtu kabla hajajiita mwenyewe.

Lakini ukiniambia nikuchagulie mmoja tu, nitakupa Miyako Harumi. Alizaliwa Kyoto mwaka 1948, baba Mkorea na mama Mjapani, akaanza kurekodi 1964. Aliimba enka, muziki ambao Wajapani wengi huuhesabu kuwa ndio roho ya nchi yao. Vaa spika za masikioni, zima taa. Anaanza taratibu, sauti laini, anaivuta. Halafu ghafla koo linabana na sauti inanguruma kutoka chini kabisa, kama mtu anayenyanyua mzigo mzito. Wenyewe wanauita mngurumo huo unari. Mara ya kwanza niliurudisha nyuma mara sita. Mwaka 1976 alitwaa tuzo kuu ya rekodi ya Japani, na wakati huo huo asili ya baba yake ikawa gumzo la watu. Nchi ikilia na sauti yake huku ikimuuliza baba yake ni nani! Mimi hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshalijibu swali la aina hiyo hiyo.

Yule dada hakurudi kundini, ila tunatumiana nyimbo. Wiki iliyopita nilimpelekea moja ya Miyako Harumi. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde tano, anajaribu kunguruma.