Kompyuta imeungua, barua pepe zangu zimebaki kwenye diski

Swali: Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta yangu ya mezani haikuwaka tena. Fundi kasema mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imeungua, akanikabidhi diski. Ankara na mawasiliano na wateja wa Kongo na Burundi vyote vilikuwa kwenye Outlook. Kwenye simu naona barua za wiki mbili tu. Nitazipataje za zamani?

Jibu: Pole sana, dada. Mazabodi kuungua hakumaanishi diski nayo imekufa. Mara nyingi inabaki salama.

Hizo wiki mbili zinanionyesha kuwa akaunti yako huenda ilitumia POP. Kwa mpangilio huo Outlook hupakua barua kwenye kompyuta, kisha huzifuta kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayokupa barua pepe, baada ya siku kadhaa. Kama ni hivyo, diski hiyo ndiyo nakala pekee uliyonayo. Asitokee mtu wa kukuwekea Windows mpya juu yake, hata akikuahidi kwamba mafaili hayataguswa.

Nunua adapta ya SATA kwenda USB, kifaa cha kuunganisha diski na kompyuta nyingine, kwenye maduka ya kompyuta mjini. Chagua yenye chaja yake, maana diski ya mezani ya inchi 3.5 inataka volti 12 na USB peke yake haitoi. Ukisikia diski inagonga au kukwaruza, ichomoe hapo hapo na usiiwashe tena. Hiyo ni kazi ya maabara ya kuokoa data, na kila kuwashwa kunaweza kuiharibu zaidi. Na Windows ikikuambia diski ifomatiwe kwanza, yaani isafishwe upya, kataa.

Ikifunguka vizuri, ingia Users, folda yenye jina lako, Documents, halafu Outlook Files. Tafuta faili linaloishia na .pst; ndimo Outlook huhifadhi barua zilizopakuliwa. Lisipokuwepo, rudi kwenye folda ya jina lako uingie AppData, Local, Microsoft, Outlook. AppData hufichwa, kwa hiyo ruhusu kwanza kuonyeshwa mafaili yaliyofichwa. Windows ikisema huna ruhusa, bonyeza kuendelea.

Ukilipata faili hilo la .pst, linakili kwenye kompyuta nyingine kabla ya kulifungua. Outlook huandika ndani ya faili inapolifungua, na sitaki iandike chochote kwenye diski ya zamani. Kisha fungua nakala hiyo ukitumia Outlook inayokuja na Office. Ikigoma, programu ya scanpst inayokuja na Outlook hiyo hiyo hurekebisha mafaili yaliyoharibika kiasi. Itumie kwenye nakala tu.

Ukikuta .ost badala ya .pst, usihangaike nalo kwanza. Hilo ni kivuli cha barua zilizoko kwenye seva, na akaunti nyingine haiwezi kulifungua. Ingia upya kwenye akaunti yako kwa kompyuta nyingine, barua zitashuka zenyewe.

Ukishazipata, badilisha akaunti iwe ya IMAP ili barua zibaki kwenye seva. Diski ya zamani usiiuze wala usimwachie fundi: ina namba za benki za wateja wako.