Tumekubaliana kuachana: mahakama ya nini tena?

Swali: Tupo Newala. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuachana bila ugomvi, na talaka ameshaitoa mbele ya wazee. Tuna watoto wa miaka 5 na 11, nyumba, na shamba la mikorosho alilorithi kwa mjomba wake. Je, tunaweza kuandikiana karatasi yakaisha bila mahakama?

Jibu: Kuandikiana mnaweza, dada, na ni vizuri sana. Ila kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, karatasi hiyo peke yake haivunji ndoa. Inayovunja ni amri ya mahakama. Talaka aliyoitoa inaweza kutumika kama ushahidi. Nendeni baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), mpewe hati kwamba usuluhishi umeshindikana, kisha mfungue shauri mahakama ya mwanzo. Hati hiyo isipite miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Ukiiweka kabatini ukisubiri korosho ziuzwe, utarudi barazani upya.

Lakini kwanza jiulize: unaweza kumkatalia jambo mbele ya wazee wake na usiku ukalala salama? Kama kuna kipigo au vitisho, usikae naye kikao cha makubaliano. Nenda dawati la jinsia polisi, na mahakama iamue yote. Jambo la pili ni uwazi wa fedha. Mwombe stakabadhi za mauzo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) za misimu 3 iliyopita, pamoja na madeni ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Akizificha, hayo si makubaliano.

Kwenye shamba ndipo wengi huumia. La urithi ni lake, ila kama mmelipalilia, mkapanda miche na kupulizia pamoja hadi thamani ikapanda, sheria inaruhusu ongezeko hilo kugawanywa. Hata kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed. Ningewashauri mgawane miti yenyewe, mipaka ipimwe mbele ya majirani na mtendaji wa kijiji. Mkigawana mapato, andikeni asilimia, maana bei ya mnada hubadilika. Semeni pia kama ni kabla au baada ya makato, na nani ananunua salfa miezi ile ambayo hakuna mauzo.

Mtoto wa miaka 5 sheria humdhania kukaa na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Wa miaka 11 asikilizwe. Msiandike tu "baba atahudumia". Wekeni kiasi, tarehe, na namba ya simu inayopokea.

Mwisho, mwombeni hakimu aingize makubaliano yote ndani ya amri. Asipolipa, utaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kutekeleza amri, hutaanza kesi nyingine.