Simu yako haijajaa picha, imejaa kamati

Juzi msomaji mmoja kaniuliza kama anunue simu yenye nafasi zaidi, maana yake inalalamika imejaa kila asubuhi. Nikamjibu asinunue. Ataijaza tena kabla ya Pasaka.

Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Memorial, Moshi. Nikifungua belo napiga picha, nawatumia wateja, naweka status. Kwenye Android, WhatsApp hubakiza nakala ya picha unayotuma, kwa hiyo kiatu kimoja kinakaa mara mbili hata kama aliyekinunua keshakichakaza. Hilo ni jepesi: ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, utaonyeshwa mafaili makubwa, futa. Halafu zima picha na video kujipakua zenyewe. Basi.

Kazi ni magrupu. Kamati ya harusi ambayo maharusi wana watoto wanaosoma. Kipaimara cha kijana ambaye sasa ana ndevu. Na grupu la ukoo, video za mahubiri kuanzia alfajiri. Nikalefti yote. Tangu 2022 WhatsApp haiwatangazii watu wote kwamba umetoka, anaambiwa admini tu. Sasa admini wetu ni shangazi yangu, akatangaza mwenyewe: "Mwenzetu katuacha, tumtakie maisha mema." Maisha mema! Nimechangia harusi za ukoo ule hadi za watu nisiowajua sura, leo naagwa kama marehemu. Desemba nilipopanda Marangu nilisalimiwa kwa ncha za vidole. Bado inaniuma, sifichi.

Ila biashara imenyooka. Oda za wateja wa Arusha zilikuwa zinazama chini ya "Amina" na "Asubuhi njema". Sasa naziona zinapoingia, na wiki iliyopita belo zima liliisha kwa simu kabla ya saa nane mchana.

Kwa hiyo toka, ndugu yangu. Watanzania tunaogopa kulefti kuliko tunavyoogopa deni! Mtu anabeba magrupu ya watu asiowasalimia hata stendi, eti heshima. Heshima gani hiyo ya kunyamazisha kengele mwaka mzima? Toka. Kama ukoo unakushinda, nyamazisha na ulifiche lisikae juu. Na kabla hujatoka mwandikie mweka hazina pembeni kwamba michango utaleta, akupigie. Mimi nilimwandikia. Ndiyo maana maneno ya shangazi kwamba nimekimbia michango siyakubali: ya kipaimara cha Novemba niliituma kwa M-Pesa siku ileile niliyopigiwa. Nimefuta vingi kwenye simu hii, lakini meseji ya muamala ule ipo, na yeyote wa Marangu anayeitaka aniambie nimtumie.